Hadidiski zizimwe ndio, ila sio kwa kukata waya mwekundu

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua itakuwa ndefu, mkikata kateni tu ila ile sehemu ya rangi za waya msiikate manake ndo iliyonifanya nikae chini niandike.

Kwenye ukurasa wenu wa teknolojia mwandishi alimjibu msomaji mwenye kompyuta ya mezani yenye hadidiski nyingi, akamwambia aziache zote ziwake muda wote kompyuta ikiwa on, kwa sababu eti kila ukizima na kuwasha diski unaipunguzia maisha. Wiki iliyofuata mkatoa barua ya ndugu mmoja wa Tabata akapinga, yeye anasema hapana, kata umeme, na akaeleza kabisa namna ya kufanya, chukua swichi yoyote ndogo, kata waya mwekundu unaoenda kwenye diski, weka swichi katikati, kwisha habari. Mi ni fundi kompyuta, nipo Sinza, na kazi zangu nyingi ni za hizi studio za video za harusi na sendofu, watu ambao kompyuta moja inabeba diski tano sita. Sasa hao wawili kila mmoja ana nusu ya ukweli, ila ile nusu nyingine ya huyu wa Tabata inaweza kuunguza mali za watu.

Kwanza tuelewane kwa nini mtu atake kuzima diski wakati kompyuta inaendelea na kazi. Chukua studio yoyote hapa mtaani, kuna diski ya Windows, kuna diski ya kazi za wiki hii, alafu kuna tatu au nne za kazi za zamani, harusi za mwaka juzi, kipaimara, kitchen party ya nani sijui, mafaili ambayo hayaguswi mpaka siku bibi harusi apige simu kwamba flashi yake imepotea anaomba kopi nyingine. Na hizo nazo zinazunguka, mara 5400 au 7200 kwa dakika kutegemea na aina, kutwa nzima, mwezi wa pili, joto la Dar mnalijua wenyewe, na chumba AC inawashwa mteja akiingia tu. Fungua ubavu wa kompyuta kama hiyo saa tisa mchana uweke kiganja juu ya ile diski ya katikati, ile iliyobanwa na wenzake juu na chini, hukai nayo. Watengenezaji wengi wanaandika mwisho ni nyuzi 60 na humo ndani hauko mbali nazo. Kwa hiyo ndio, diski isiyo na kazi izimwe, hapo mi nipo na wa Tabata.

Ila sababu aliyoitoa yeye ni LUKU na hiyo naomba tuiweke pembeni maana hesabu zake hazileti picha. Diski ya inchi 3.5 ikizunguka bila kazi inakula kama wati 4 mpaka 6. Tuseme 5. Diski nne ni wati 20, ukiziacha masaa 24 kwa siku 30 ni uniti 14.4, na kwa ile tarifu ya T1 ya shilingi 292 ambayo ukishajumlisha VAT na REA na EWURA inakuwa 356.24 kwa uniti, unapata kama shilingi 5,130 kwa mwezi. Na huyo ni anayeacha kompyuta inakesha. Anayefunga saa kumi na mbili jioni baada ya masaa kumi ya kazi ni kama 2,100 na kidogo, chipsi mayai hizo. Mwenye studio akitaka kuokoa LUKU aanze na AC, diski azime kwa sababu zingine.

Sababu zingine ni hizi za umeme wenyewe. Umeme ukikatika ghafla na diski inazunguka, vichwa vya kusomea vinatakiwa virudi pembeni kabla havijatua juu ya sahani, yani zile duara zinazozunguka ndani ya diski zenye data, na kwa kuwa umeme hakuna diski inatumia mzunguko wa zile sahani zenyewe, mota inageuka jenereta kwa sekunde chache, inatoa umeme kidogo wa kuvirudisha vichwa. Ni ubunifu wa maana sana, lakini ni njia ya dharura, vinarudi kwa kasi na kwa nguvu kuliko kawaida, ndo maana diski inaihesabu peke yake. Pakua programu ya CrystalDiskInfo ya kupima afya ya diski, ni ya bure, angalia namba C0 kwenye ile orodha, yani 192 ukihesabu kawaida, hiyo ndo hesabu ya kuzimika kwa namna hiyo. Nikiletewa mashine ya ofisi yenye UPS, lile boksi la betri la akiba, ikiwa nzima namba ile huwa ndogo, nikiletewa ya studio ambayo UPS yake betri ilishakufa zamani imebaki kuwa extension, hiyo namba inatisha. Diski ambayo haikuwa na umeme wakati TANESCO wanakata na kurudisha, haina cha kuhesabu.

Alafu kuna virusi. Mei 2017 ile WannaCry ilipozunguka dunia ilikuwa inafunga mafaili ya kila diski inayoiona, ya ndani ya nje ya mtandao wa ofisi, haichagui. Diski isiyo na umeme haionekani, haifungwi. Lakini tusidanganyane, diski ndani ya boksi hilohilo haihesabiki kuwa bakapu, mwizi akibeba anabeba vyote, kopi nyingine ikae nyumbani au kwa ndugu.

Haya, kwa mwandishi wenu. Anasema kuzima na kuwasha kunaua diski. Zipo diski za zamani ambazo vichwa vilikuwa vinatua juu ya sahani yenyewe zikisimama, na hata hizo watengenezaji walikuwa wanaandika mara 50,000. Za siku hizi vichwa vinapanda kwenye ngazi ndogo pembeni, zinaandikwa 300,000 au 600,000. Sasa piga hesabu mwenyewe, diski ya kazi za zamani ukiiwasha mara moja kila siku kwa miaka 10 ni mara 3,650. Hiyo ndo ya kuogopa kweli? Kinachokula hizo hesabu ni ule usingizi wa dakika dakika, diski inalala, programu fulani inaishtua, inalala tena. Kuna diski za kuokoa umeme zilitoka zikiwa zimepangwa kurudisha vichwa baada ya sekunde 8 tu bila kazi, ukiweka kwenye mashine inayoandika andika vitu kila saa namba inapanda kama mita. Hapo mwandishi angekuwa na hoja, angesema muda wa kulala usiwe mfupi, tungeelewana.

Ndo tunafika kwenye kuzima kwa programu, ambako ndo pa kuanzia kwa mtu asiyetaka kushika bisibisi. Windows yenyewe ina sehemu ya kupanga diski ilale baada ya dakika kadhaa, kawaida inakuja ikiwa 20, ipo ndani ya mambo ya Power Options. Inafanya kazi, tatizo lake ni kwamba haichagui, inazilaza zote kwa kipimo kimoja, alafu ukifungua tu dirisha la kuhifadhi faili zote zinaamshwa, we unataka kusevu picha kwenye diski ya kazi, kompyuta inaganda, unasikia nguruma ya kwanza, ya pili, ya tatu, sekunde kumi zimeenda umekaa unaangalia kioo. Antivairasi nayo ikianza ukaguzi wake inaamsha kila mtu. Dawa yake ni Disk Management, sehemu ya Windows ya kusimamia diski, bonyeza kulia pale palipoandikwa jina la diski upande wa kushoto, chagua Offline, Windows inaachana nayo kabisa hata ukiwasha upya kesho, mpaka uirudishe mwenyewe. Hiyo nimeshaona inatosha kwa wengi. Virusi wa kawaida hawaigusi, japo aliyeingia na ruhusa za juu anaweza kuirudisha. Umeme ila unaendelea kuingia, offline peke yake haijakata kitu.

Wa Linux wao wana raha zaidi, kuna amri inaitwa hdparm, ukiweka -y kwenye diski fulani inalala hapohapo, ukiweka -S 241 inalala yenyewe baada ya nusu saa, na unachagua diski moja moja. Sitakaa hapo, anayetumia Linux hapa Dar huyo anajua kutafuta.

Sasa swichi yenyewe, na hapa Mhariri ndo naomba msikate. Waya zinazotoka pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, kwenda kwenye diski zina rangi na kila rangi ina kazi. Wa njano ni volti 12, huo ndo unazungusha mota. Mwekundu ni volti 5, huo ni wa ile bodi ya kijani chini ya diski. Nyeusi ni njia ya kurudi, haikatwi kamwe, wala hauwekewi swichi. Kwenye kebo za SATA, zile za plagi nyembamba za diski za siku hizi, kuna na wa rangi ya machungwa, volti 3.3, nitaurudia. Kwa hiyo ukikata mwekundu tu kwenye diski ya inchi 3.5 kama alivyofundisha ndugu yetu, bodi inazimika, unaona kimya, unadhani umezima, kumbe upande wa mota volti 12 bado zipo zimekaa pale. Ukikata wa njano tu ndo vichekesho zaidi, bodi ipo hai, kompyuta inaiona diski, inaiomba kitu, haijibu, Windows nzima inakwama. Zinakatwa zote mbili, njano na mwekundu, kwa pamoja, kwa swichi moja. Swichi ya namna hiyo kwa mafundi wa redio inaitwa ya miguu sita, njia mbili hazigusani ila zinazimwa na kidole kimoja. Hii ndo ilotakiwa iandikwe kwenye gazeti.

Na sio swichi yoyote ndogo kama alivyosema. Diski ikianza kuzunguka inavuta kama ampea 2 kwenye ule waya wa njano, kwa sekunde kadhaa, baadae inatulia. Swichi imeandikwa ampea 3 volti 250 AC, watu wanaona 250 ni kubwa wanaridhika, ila huu umeme wa kompyuta ni DC na cheche ya DC swichi ikiachia haikatiki upesi kama ya AC, mabati ya ndani yanaungua taratibu. Tafuta iliyoandikwa kabisa kiwango cha DC, isipungue ampea 3. Mabati yakishachafuka volti zinapungua njiani, pawa saplai inatakiwa itoe 12 isiyoshuka chini ya 11.4 na 5 isiyoshuka chini ya 4.75, ikishuka hapo diski inaanza kugonga gonga, inazima inawaka, mwenye nayo anakuja analia diski imekufa fundi, kumbe ni swichi ya buku.

Kubwa kuliko yote ni ile kukata na kusokota na selotepu. Selotepu kwenye joto la humo ndani inaachia gundi, waya wa njano uliochubuliwa unagusa mwekundu uliochubuliwa, volti 12 zinaingia kwenye njia ya volti 5, na njia ya volti 5 ni moja kwa diski zote zilizo kwenye kebo hiyo. Ukibahatika pawa saplai inajizima. Usipobahatika umeua kazi za watu za miaka mitatu kwa mpigo mmoja.

Asiyetaka kuchomelea zipo paneli zilizotengenezwa tayari, zinakaa pale mbele ilipokuwa CD, au nyuma kwenye nafasi ya kadi, zina vitufe vinne au sita, kila kitufe diski moja, na ndani zinakata njano na mwekundu kwa pamoja. Kariakoo utazunguka sana kuipata, wengi wanaagiza China. Nyingine ni yale makasha ya kuchomeka diski kwa mbele yenye kitufe chake. Ndo njia safi, na ukinunua angalia kitu kimoja, kebo zake.

Kebo hizi ndo zinaniuma. Kuna adapta za kutoka Molex, ile plagi kubwa nyeupe ya pini nne, kwenda SATA. Zipo za aina mbili, ile ambayo plastiki yake imemwagiwa juu ya waya ikawa kipande kimoja kigumu, na ile ambayo nyuma ina kifuniko unaona kila waya umebanwa mahali pake. Ile ya kipande kimoja ndo ya bei rahisi ndo imejaa madukani, na ndo inayoungua, waya ndani hazikukaa sawa, wa njano na mweusi wanakaribiana, plastiki ikilainika kwa joto wanakutana. Nilifungua ya studio moja hapa jirani, kwa nje ilikuwa na doa la kahawia dogo kama punje ya maharage pembeni ya plagi, mwenyewe anasema alikuwa anasikia harufu ya samaki akadhani ni mama wa chini anakaanga. Nyuma ya doa, pini tatu zilikuwa zimekwisha kuyeyuka na diski ikawa haichomoki mpaka nikavunja.

Na splita, yani kebo ya kugawa plagi moja iwe nyingi. Plagi moja ya umeme ya SATA ina pini tatu kwa kila volti na kila pini imepimwa ampea 1.5, yani 4.5 kwa njia nzima. Alafu dukani unauziwa splita inayotoka kwenye plagi moja kwenda diski tano. Zikiwaka pamoja ni ampea 10 zinalazimishwa kupita pale pa 4.5, kama abiria wote wa mwendokasi wa Kimara kugombea mlango mmoja. Kwa sekunde kadhaa tu, ndio, ila kila asubuhi. Hapa ndo vile vitufe vina faida ambayo sijaona mtu anaisema, unawasha moja, unasikia imetulia, unawasha ya pili. Kompyuta kubwa za seva zina mpango wao wa kuziwasha kwa zamu, sisi tunatumia kidole.

Hili linawahusu zaidi wenye zile desktopu za ofisi za Ulaya tunazonunua yuzdi, HP na Dell. Ni mashine imara mi nazipenda, lakini nyingi za miaka ya karibuni umeme wa diski hautoki pawa saplai moja kwa moja, unatoka kwenye plagi ndogo ya mazabodi, na ilipangwa kwa diski moja au mbili na CD. Pawa saplai yenyewe ni ndogo, wati mia mbili na kitu. Ukiweka splita pale ukapanga diski tano unaiunguza mazabodi na sio kebo. Mashine hiyo weka diski mbili, zingine ziwe za nje zenye adapta zao za ukutani, na hapo swichi yako ni ya soketi, mjadala umeisha.

Nilisema nitaurudia waya wa machungwa. Zamani ulikuwa haufanyi chochote cha maana kwa hizi diski zetu. Mwaka 2016 kanuni mpya za SATA, toleo 3.3, zikaipa pini ya 3 kazi ya kuzima diski, yani pini hiyo ikipata volti 3.3 diski inabaki imezima, ili wenye seva waweze kuzima na kuwasha diski moja kwa mbali bila kwenda kuichomoa. Wazo zuri kabisa, ndo hichohicho tunachokiongelea. Sasa pawa saplai nyingi za mezani zinapeleka 3.3 kwenye pini hiyo muda wote kwa mazoea ya zamani. Mtu ananunua diski ya nje ya TB 8, anaipasua kasha aiweke ndani ya kompyuta, haiwaki kabisa, haizunguki, anaipeleka dukani anaambiwa imekufa, wengine wameuziwa hivyo hivyo kwa bei ya kutupa na aliyenunua akaenda kuiwasha vizuri tu. Haijakufa. Ziba pini ya kwanza mpaka ya tatu na ule utepe wa manjano unaostahimili joto, au tumia kebo isiyo na waya wa machungwa, inaamka. Wadau msiuze diski zenu kabla hamjajaribu hilo.

Namna ya kuzima. Usizime diski inayoandika, na kunyamaza hakumaanishi imemaliza, diski ina kumbukumbu yake ndogo ya MB 64, MB 256, inapokea data inaziweka pale kwanza. Kwa mtu wa studio nasema hivi, chagua diski za leo kabla hujabonyeza kitufe cha kompyuta, na uzizime baada ya kompyuta kuzima. Basi, hapo huna cha kukosea. Anayetaka kuzima na kuwasha katikati ya kazi, inawezekana, lakini kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, tundu za SATA ziwe kwenye AHCI, na hiyo tundu ya diski yako iwe imeruhusiwa hot plug, yani kuchomeka na kuchomoa kompyuta ikiwa inawaka, mashine nyingi inakuja imefungwa, na kabla ya kubonyeza kitufe uitoe diski kwa njia ileile unayotoa flashi au uipeleke Offline. Alafu subiri. Ukikata umeme sahani zinaendelea kuzunguka sekunde kadhaa, usiisogeze kompyuta hapo wala kuipiga teke chini ya meza, ngoja mpaka usikie kimya.

SSD, zile diski za chipu tupu, haina haja ya haya yote, haina mota, inakula kidogo sana, iache kwenye kebo ya kawaida. Na ukibadilisha pawa saplai ya kebo za kuchomoa usibaki na kebo za ile ya zamani, plagi upande wa pawa saplai zinafanana kwa umbo ila mpangilio wa pini kila kampuni ina wake, hata kampuni moja toleo kwa toleo, diski nyingi nzuri zimekufa hapo kwa sekunde moja.

Kwa huyo msomaji wa kwanza aliyeuliza, mwenye diski sita, mi ningemfungia hivi. Ya Windows na ya kazi za sasa hazina kitufe, zikae on. Nne za zamani kila moja na kitufe chake, kebo mbili tofauti zinazotoka pawa saplai, diski mbili kwa kila moja, na jina la diski liandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye diski, kwenye kitufe na ndani ya Windows, jina moja sehemu zote tatu, maana siku kijana wa kazi amebaki peke yake studio atabonyeza kitufe cha tatu akidhani ni diski D.

Na yule ndugu wa Tabata, kama ameshaukata huo waya mwekundu asiurudishie kwa kusokota, auchomelee kwa risasi na avishe ule mpira unaosinyaa kwa moto, au anunue kebo nzima ya pawa saplai ileile, haizidi bei ya diski moja.

Ahsante Mhariri.

Fundi kompyuta,
Sinza, Dar es Salaam